Mwaka wa Kushikiwa Kamba

Jeneza la Bi Zuwena lilipotolewa ukumbini, shehe alisimama kwenye ngazi za baraza akauliza kama ilivyo ada: "Jamani, mnamshuhudia vipi marehemu huyu?" Wanaume waliojaa uani wakajibu kwa sauti moja: "Mtu mwema." Akauliza tena, wakajibu tena. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani, kile chenye kitanda cha samadari na kioo kirefu, tumebanana kwenye mikeka, na wengi wakaitikia chinichini pamoja nao. Mimi sikuitikia. Nilifumba mdomo nikautazama msumari mtupu uliopigiliwa nyuma ya mlango. Bi Tatu, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile tangu ujana wake na ambaye sasa macho yamemfifia, alinigusa paja. "Sema basi, mwanangu. Maiti hatetwi." Nikamwambia, "Simteti. Nimenyamaza tu." Akavuta ushungi wake. "Kunyamaza kwako kunasikika mpaka Kilindoni," akasema, kisha akarudi kwenye tasbihi yake.

Sura hii naiandika kwa sababu ya kunyamaza kule. Habari za wazazi wangu na utoto wangu nimeziacha makusudi, hazimhusu. Najua pia kwamba pale kijijini kwetu Baleni nasemwa kuwa nina roho ngumu, kwamba mtu akinikosea leo nitamkumbusha akiwa na wajukuu. Ni kweli, wala sioni haya kuikubali. Wale waliojibu "mtu mwema" walimjua Bi Zuwena wa sadaka za Ramadhani na wa kuwatumia waliojifungua khanga mpya. Mimi nilimjua akiwa amesimama katikati ya kiwanja na kamba mkononi, na ncha nyingine ya kamba ile iko kwa farasi, na juu ya farasi niko mimi. Watu wawili wanaweza kuwa wamezikwa katika sanda moja, na waombolezaji wasijue.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule imekwisha, nashinda nyumbani nikipara nazi na kugombana na kila mtu. Mwaka huo Bi Zuwena alirudi kutoka Maskati baada ya kufiwa na mumewe, akaingia katika nyumba kubwa ya baba yake katikati ya mashamba ya minazi, na haukupita muda farasi wawili wakaletwa kwa boti ya mizigo kutoka Nyamisati. Mmoja alikuwa jike mzee, mtulivu, waliyemwita Bibi. Wa pili alikuwa dume mchanga, rangi ya kahawia iliyoiva, jina lake Marjani. Kijiji kizima tulikwenda kusimama kwenye ua wa makuti kuwatazama. Nilipomwona Marjani akitikisa shingo yake nilisahau hasira zangu zote. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili: nilimtaka. Sikutaka awe mali yangu. Nilitaka niwe juu yake, peke yangu, tunakwenda.

Bi Zuwena alitaka msichana wa kufagia banda, na alipouliza nani hana kazi, jina langu likatajwa kabla ya swali kwisha. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Zuwena," akajibu "Marahaba" huku anaitazama miguu yangu. Akaniambia nitasafisha banda asubuhi, na jioni yeye atanifundisha kupanda. Akanionyesha kamba ndefu yenye kulabu ya shaba nchani, inayofungwa kwenye hatamu za farasi ili mwalimu asimame katikati na farasi azunguke. "Anayeanza hupanda na kamba," akasema. "Siku nitakayoifungua kamba hii, basi jua umeshajua." Nililishika neno lile kwa mikono miwili. Kuanzia siku ile nilikuwa na haja moja tu duniani, nayo ilikuwa kufunguliwa kamba.

Siku ya kwanza nilikwenda na buibui langu, upepo ukalipeperusha, na Marjani akaruka pembeni kana kwamba nimemmwagia maji ya moto. Bi Zuwena akanipeleka chumba cha ndani, akaniamuru nilivue na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akanipa suruali ya marehemu mumewe na kipande cha kamba ya mnazi nijifunge kiunoni. Nikatoka nimejikunyata. Akasema, "Panda." Nikapanda kwenye ngazi ya baraza, nikajivuta juu ya tandiko, nikakaa kama nilivyokaa maisha yangu yote kwenye keria ya baiskeli ya kaka yangu: miguu yote upande mmoja, magoti pamoja, mkono mmoja umeshika nyuma. Hakuna mwanamke wa kisiwa chetu cha Mafia wa umri wangu aliyejua namna nyingine ya kubebwa. Kukaa kwingine kulikuwa kwa wanaume, na hata wazo hilo sikuwa nalo. Bi Zuwena alinitazama kwa muda, akaweka kamba chini, akaita, "Tatu! Hebu njoo uone. Njooni nyote." Wakaja Bi Tatu na wafua nazi wawili na mtu aliyeleta samaki. "Mtazameni," akasema. "Nimemwambia apande farasi, amepanda keria." Wakacheka. Bi Tatu alicheka pia, hilo nalikumbuka, ingawa alijiziba mdomo na upande wa khanga. Tangu siku hiyo sikuitwa Mwanahawa tena katika nyumba ile. Niliitwa Keria.

Nilijifunza kukaa kwa kupanua miguu, na kijijini wakanisema nilivyotarajia. Mama mmoja aliniambia mbele ya kisima kwamba mtoto wa kike anayetanuliwa juu ya mnyama hana tena cha kumficha mume. Nikamwambia aniletee huyo mume kwanza, ya kuficha tutayazungumza baadaye. Maneno ya kisimani sikuyajali. Yaliyonichoma yalikuwa ya kiwanjani. Kiwanja chenyewe kilikuwa pale nyuma ya nyumba walipokuwa wakianika mbata zamani, ardhi imekuwa nyeusi na bado inanuka mafuta ya nazi jua likiwa kali. Bi Zuwena alisimama katikati, kamba mkono wa kushoto, fimbo ya mpera mkono wa kulia. Alinibanisha kumbi la nazi chini ya kila kwapa ili viwiko visitapatape. Kumbi likianguka, nashuka, naliokota, nalibana, napanda, tunaanza upya. "Visigino chini. Usimkabe kwa magoti, si mnazi huo. Bega, Keria. Bega la kushoto. Hujabeba ndoo." Nikipatia, hakusema kitu. Farasi akipatia, alimsogelea, akampapasa shingo, akamwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akimpa binadamu: "Ahsante, Marjani. Mzuri wangu wewe." Nilisikia sifa zile kila jioni, na kila jioni nilijimegea kidogo, nikidhani mwalimu akimsifu farasi amemsifu na aliye juu yake.

Baada ya somo nilikula jikoni na Bi Tatu. Jiko lile lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, lina mafiga matatu na dirisha la mbao linalofunguka kwenye veranda, na ukuta wake ulikuwa mweusi wa moshi mpaka darini. Tulikaa kwenye jamvi karibu na mlango, tukila wali wa nazi na mchuzi wa changu, siku nyingine muhogo na papa mkavu. Ng'ambo ya dirisha Bi Zuwena alikunywa kahawa kwa halua iliyotumwa kutoka Maskati, na alipomaliza sahani ilirudi jikoni, na Bi Tatu alinikatia kipande kutoka upande ambao kisu chake hakikugusa. Halua ile ilikuwa na zafarani na hiliki, ikiyeyuka polepole ulimini. Niliila kwa chuki na niliila yote. Hata leo nikipewa halua kwenye harusi moyo unapanda kidogo kabla ulimi haujaonja.

Yapo mambo niliyafanya bila kuambiwa. Buibui langu kuukuu nililitundika kwenye fito za banda, mahali upepo unapopita, likawa linapepea mbele ya Marjani mchana kutwa. Mwanzo aligota ukutani akatoa macho. Baadaye akalizoea, akawa anakula pumba zake huku pindo linampiga puani. Bi Tatu aliniuliza ninamfanyia nini mnyama wa watu. Nikamwambia, "Farasi anayeogopa buibui atatembea wapi Mafia hii, baharini?" Akacheka, na safari ile cheko lake halikuniudhi. Nilikuwa najiandaa kwa siku ya kufunguliwa. Niliiona tayari: ninapita njia ya Baleni, wanawake wanatoka shamba, farasi hashtuki.

Wakati wa masika kiwanja kiliteleza, na Marjani alijikwaa, nami nikaruka juu ya shingo yake nikaanguka kwa ubavu. Pumzi ilinikatika. Nikiwa nimelala pale matopeni niliona miguu ya Bi Zuwena inakuja mbio, viatu vinatupa matope, na nakiri kwamba nilifarijika kwa kuona anakimbia. Alinipita. Alikwenda kwa farasi, akachuchumaa, akampapasa mguu mmoja baada ya mwingine kuanzia gotini mpaka ukwato, akinong'ona. Aliporidhika aligeuka. "Kumbi moja liko wapi?" akauliza. Nikaliokota. Nikapanda. Usiniulize kwa nini sikuondoka. Kamba ilikuwa bado haijafunguliwa, na mimi nilijiona nimekaribia mno kuiacha.

Na kweli nilikuwa nimejua. Hilo nalisema bila maringo, na pia kwa maringo. Ilipoisha mvua nilikaa juu ya Marjani katika mwendo wa kudunda bila makumbi kuanguka, nikamgeuza kwa uzito wa nyonga tu, nikamsimamisha kwa kuvuta pumzi. Kila jioni nilingoja lile neno. Kila jioni Bi Zuwena alikunja kamba, akaitundika, akaingia ndani. Jioni moja nilikuwa jikoni na tonge mkononi, naye yuko veranda anazungumza na kaka yake aliyekuwa Dar es Salaam. Simu wakati ule ilishika vizuri pale veranda tu, na yeye alizungumza nayo kwa sauti ya mtu anayeita chombo kilicho mbali. "Farasi yuko tayari kabisa," alisema. "Nasra akifunga shule mlete, atamkuta amelainika. Ndiyo, anabeba mtu sasa. Mwanzo nilimbebesha lile gunia la mchanga, lakini gunia halina miguu, halitikisiki, farasi hajifunzi kitu. Nikachukua mtoto wa hapa kijijini." Akasikiliza, akacheka. "Afundishwe nini? Ni farasi anayefundishwa, si yeye. Yeye ni gunia lenye miguu."

Bi Tatu aliacha kutafuna. Mimi nililiweka tonge chini. Lile gunia nililijua: lilikuwa kwenye pembe ya banda, limeshonewa mikanda miwili, na mikanda ile ilikuwa na urefu uleule wa mikanda ya tandiko langu. Nilikuwa nalisogeza kila asubuhi ili nifagie chini yake. Mwaka mzima nilidhani mimi ni mwanafunzi na Marjani ni kitabu changu, kumbe mwanafunzi alikuwa Marjani, na zile "ahsante" na "mzuri wangu" hazikuwa na chembe yangu hata moja. "Kula, mwanangu," Bi Tatu akaninong'oneza. Sikula. Sikulia pia. Nilimchukia mwanamke yule kwa chuki safi, isiyo na mchanga, na kusema kweli iliniwekea mgongo sawa kuliko makumbi.

Nasra alikuja, binti wa yule kaka yake, wa miaka kumi na minne, ana viatu vya ngozi vya kupandia vilivyonunuliwa nje. Hakuniamkia. Alipanda Marjani, na mimi nikapewa kamba. Ndiyo, mimi. Bi Zuwena alikaa kwenye kiti kivulini akinywa maji ya dafu, akisema visigino na bega kwa sauti ya upole, na mimi nikasimama katikati ya kiwanja nikizunguka na kamba mkononi mpaka kichwa kikanizunguka. Marjani alikwenda vizuri. Kwa nini asiende, nilikuwa nimemzoesha uzito wa mtu kwa mwili wangu. Haikuisha wiki Bi Zuwena akasema kutoka kitini, "Amekaa vizuri huyu. Keria, mfungue." Nilikwenda mbele ya farasi. Pua yake ilikuwa ya moto kwenye kiganja changu. Nikaifungua ile kulabu ya shaba, kwa vidole vyangu mwenyewe, na Nasra akaondoka kuelekea minazini peke yake, huku shangazi yake anampigia makofi.

Ijumaa yake walikwenda wote Kilindoni kwenye akdi ya ndoa ya jamaa yao. Nikaingia bandani. Ile suruali ya marehemu sikuigusa, sikutaka kitu chake chochote mwilini mwangu. Nilivaa gauni langu na buibui langu, nikamtandika Marjani, nikamfikisha kwenye ngazi ya baraza, na kwa kuwa na gauni refu vile nisingeweza kupanua miguu, nilikaa kama nilivyokaa siku ile waliponicheka: miguu yote upande mmoja, magoti pamoja. Kamba niliyomtolea bandani ilikuwa bado kwenye hatamu. Niliinama, nikaifungua, nikaiacha ianguke mchangani. Bi Tatu alikuwa kwenye ngazi ya jiko anachagua mchele. Aliniona. Aliinamisha kichwa akaendelea kuchagua mchele ule kana kwamba umejaa mawe matupu.

Tukatoka langoni. Tukapita njia ya Baleni, kati ya mihogo na minazi, mwendo wa kutembea tu. Upepo ulikuwa unatoka baharini na buibui langu lilipepea upande wote, likampiga Marjani shingoni, naye akageuza sikio moja tu akaendelea. Wanawake waliokuwa wanatoka shamba wakasimama na vikapu vyao vya muhogo vichwani. Mmoja akasema, "Ee, Mwanahawa, hiyo keria, baiskeli yake umeiacha wapi?" Nikamjibu, "Nimeichoka." Wakacheka, nami nikacheka, na nimecheka mara chache sana namna ile tangu siku hiyo. Nilikuwa juu yake. Hapakuwa na mtu katikati anayenizungusha. Njia ilikuwa imenyooka mbele yangu, na mimi ndiye niliyeamua mwisho wake.

Kisha nikaona pikapu la nyumba kubwa linakuja kutoka Kilindoni. Bi Zuwena alikuwa mbele, Nasra kando yake, wamevaa nguo za sherehe. Dereva akasimama. Marjani akasimama pia, kwa kuwa nilivuta pumzi. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyapanga tangu jioni ile ya simu: nitamwambia nani gunia, nitamwambia ashuke yeye garini kama anataka nishuke mimi. Alishusha kioo. Akanitazama kuanzia ndala mpaka ushungi, bila haraka, kama alivyokuwa akinitazama kila jioni. Nikangoja aseme "shuka." Akasema, "Bega la kushoto limeanguka." Na mimi, kabla sijafikiri, nikaliinua. Akapandisha kioo, gari likaondoka.

Hilo ndilo sijamsamehe. Gunia ningeweza kulisahau, na hata kamba. Lakini alinikuta katika saa ile moja iliyokuwa yangu, akaweka neno lake ndani yake, na mwili wangu ukamtii. Nimelifikiria kwa miaka mingi, nikiwa nafua, nikiwa nasimamia wanawake wenzangu kwenye mashamba ya mwani, na sijui mpaka leo kama lilikuwa tusi au lilikuwa somo la kwanza alilonipa mimi badala ya farasi. Wanaopenda kusamehe watasema lilikuwa somo. Mimi nilikuwapo, niliyaona macho yake, na sikuona ndani yake kitu cha kushukuru. Nilimrudisha Marjani, nikamvua tandiko, nikamsugua mgongo na kumpa maji, maana yeye hakuwa na ugomvi na mtu. Nikalitoa buibui kuukuu kwenye fito. Bi Tatu alinifungia mkate wa kumimina kwenye jani la mgomba, nikatoka kwa lango la nyuma, na hakuna aliyetumwa kuniita. Baadaye nikasikia farasi wote wawili wameuzwa bara. Tangu mwaka ule sijakaa tena nyuma ya baiskeli ya mtu. Nilitembea kwa miguu mpaka nilipoweza kununua pikipiki yangu, na ninaiendesha mwenyewe, na wanaoniona njiani wanasema nakaa kwa maringo. Mgongo huu ni kazi ya mikono yake. Nikijitazama kiooni najua hivyo, na ninaudhika.

Siku ya mazishi, wanaume waliporudi makaburini, masinia ya pilau yakaingia chumba cha ndani. Nilikuwa nakula na Bi Tatu, nikimchagulia nyama laini, Nasra alipokuja kwetu akiwa na binti yake mdogo. Amenenepa, amevaa miwani, macho yalikuwa mekundu kwa kulia, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Si Keria huyu?" akamwambia Bi Tatu, kisha akamgeukia mtoto. "Mwamkie mgeni, mama. Huyu ndiye aliyekuwa akitushikia kamba ya farasi enzi za bibi yako." Mtoto akasema, "Shikamoo." Nikasema, "Marahaba." Alikuwa na macho ya kuuliza, sina ugomvi naye. "Kamba ya nini?" akasema. "Ili mama yako asianguke," nikamwambia. Nasra akatabasamu kidogo. Mtoto bado hajaridhika. "Na wewe nani alikuwa anakushikia?" Wanawake wa sinia la pili waliacha kula. Bi Tatu akanibana goti kwa vidole vyake vikavu. Niliutazama ule msumari nyuma ya mlango. "Marehemu," nikasema. "Ya mama yako niliifungua mimi. Yangu niliifungua mimi pia." Nikarudi kwenye sinia, na nilipokuwa nanyoosha mkono niligundua bega langu la kushoto limeanguka. Nikaliinua.